Jackie Robinson hakuwa wa kwanza, kabla yake alikuwepo kinyozi mmoja

Mhariri,

Salamu nyingi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi sana, nilianza kulisoma gazeti lenu kwa kudandia pale kijiweni Ngamiani, Tanga, yaani mwenye gazeti anasoma ukurasa wa mbele sisi tunasoma wa nyuma, na sasa hivi nalisoma kwenye simu huku Utica, jimbo la New York, ambako nafanya kazi ya kinyozi. Naandika kuhusu ile makala yenu ya michezo iliyosema Jackie Robinson ndo mtu mweusi wa kwanza kucheza besiboli ya kulipwa Marekani, mwaka 1947. Mwandishi kaandika vizuri, sibishi, Robinson ni mtu mkubwa na jezi yake namba 42 ilishastaafishwa kwa timu zote za ligi kuu. Ila wa kwanza hakuwa yeye. Katanguliwa kwa karibu miaka 70. Na huyo aliyemtangulia alikuwa kinyozi kama mimi, hapo ndo nikasema hii siiachi ipite, leo naandika.

Anaitwa Bud Fowler. Jina la kuzaliwa ni John W. Jackson, kazaliwa tarehe 16 Machi 1858 kijiji cha Fort Plain, kama saa moja kwa gari kutoka hapa nilipo, halafu akakulia Cooperstown. Wanaofuatilia besiboli wakisikia Cooperstown wanashtuka, maana ndo mji wenye lile jumba la makumbusho la magwiji wa mchezo huo. Baba yake alikuwa kinyozi, na yeye mwenyewe akaijua kazi, na baadaye utaona kazi hiyo ilivyomsaidia asilale njaa. Hilo la Bud ni jina la utani, alilipata kwa sababu yeye kila mtu alikuwa anamwita 'Bud', kama sisi tunavyoita kila mtu 'mwanangu', mpaka likamrudia mwenyewe likaganda.

Mi nilimjua kupitia mteja. Huku kinyozi ni kinyozi kama nyumbani tu, watu wanakuja kunyoa lakini wanakaa saa tatu wanabishana. Siku hiyo ubishi ulikuwa huohuo, nani wa kwanza, na mzee mmoja ambaye nilikuwa nimeshampaka povu nusu ya kidevu akanyanyua mkono akasema nyie wote mnakosea, wa kwanza kazikwa Frankfort hapo jirani, na alikuwa ananyoa watu kama huyu kijana. Nikasimama na wembe mkononi. Frankfort napita kila wiki nikienda kununua vitu vya ofisi, dakika 15 ama 20 hivi, sikuwahi kusikia.

Sasa Mhariri kabla sijaendelea lazima nieleze kidogo nafasi aliyocheza, maana bila hiyo stori haieleweki, na wasomaji wengi huko nyumbani besiboli wanaiona kwenye filamu tu. Uwanja una vituo vinne vinavyoitwa beisi, vimekaa kama umbo la kashata, na kutoka beisi moja hadi nyingine ni futi 90, yaani mita 27 na ushee. Mpigaji akishagonga mpira anakimbia beisi ya kwanza, ya pili, ya tatu, anarudi nyumbani, hapo kapata pointi moja. Huyo Fowler alianza kama mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, na alijua kucheza karibu kila nafasi, lakini alipojulikana zaidi ni beisi ya pili. Hiyo nafasi si ya mtu mzito. Mpira unatoka upande wa beisi ya tatu, unaudaka huku unageuka, unaurusha beisi ya kwanza kabla hujatulia sawasawa, na muda huohuo kuna mtu anakujia kwa kasi anataka kufika hapo uliposimama, anajitupa chini na miguu mbele, na kwenye viatu ana vyuma. Siyo njumu hizi za plastiki, ni vyuma. Na miaka ile wengi walidaka kwa mikono mitupu bila glovu. Kwa hiyo anayecheza pale kila siku anaweka miguu yake rehani.

Twende taratibu. Mwaka 1878, tarehe 24 Aprili, kijana wa miaka 20 anarusha mpira kwa timu ya Chelsea, Massachusetts, mechi ya kirafiki dhidi ya Boston. Boston hao walikuwa mabingwa wa National League mwaka uliotangulia, ligi kubwa kuliko zote wakati huo, na mrushaji wao alikuwa Tommy Bond ambaye alikuwa anaogopwa kila mahali. Chelsea wakashinda 2 kwa 1. Yaani chukua timu ya mtaani iwafunge mabingwa wa nchi, ndo ilivyokuwa. Muda si mrefu akachezea Live Oaks ya mji wa Lynn, timu ya kulipwa iliyokuwa kwenye ligi ya International Association, na hapo ndo anahesabika mtu mweusi wa kwanza kulipwa kucheza na weupe kwenye ligi rasmi. Mwaka 1878 Mhariri, miaka 13 tu baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kwisha.

Kuanzia hapo ni safari. Mi nimejaribu kuzihesabu timu zake kwa vidole nikaishia kuchukua karatasi. Mwaka 1881 timu ya Guelph, huko Ontario Kanada, wakamsajili, wachezaji wakagoma kucheza naye, wakamtema hata hajazoea njia. Mwaka 1884 yuko Stillwater, Minnesota, timu iliyoanza msimu kwa kupigwa mfululizo mpaka aibu, akawarushia mpira mechi yao ya kwanza kushinda, watu wakafurahi wakampa dola 10 na suti. Mwaka 1885 Keokuk, Iowa, hiyo timu nayo ikafa, akaenda Colorado. Mwaka 1886 Topeka, Kansas. Gazeti moja la michezo la wakati huo, Sporting Life, liliandika waziwazi kwamba huyu ni mmoja wa wachezaji bora nchini na kama angekuwa na uso mweupe angekuwa anacheza na wale wakubwa kabisa. Yaani walijua! Hakuna aliyesema hajui kucheza. Hiyo ndo inayouma zaidi, mtu kutemwa kwa kiwango kibovu unamwelewa kocha, lakini kutemwa huku gazeti linasema wewe ni bora, hiyo inakaaje moyoni?

Na hapa katikati niseme jambo ambalo makala yenu ililiruka. Robinson hata kwenye ligi kuu kwenyewe hakuwa wa kwanza. Mwaka huohuo 1884 kulikuwa na mdakaji anaitwa Moses Fleetwood Walker, akichezea Toledo kwenye American Association, ambayo ilihesabika ligi kuu. Kwa hiyo mlango haukuwa umefungwa tangu dunia iumbwe kisha mwaka 1947 mtu akaja na ufunguo. Ulikuwa wazi nusu, watu weusi wakapita, halafu ukafungwa na watu wenye majina na tarehe inajulikana.

Tarehe yenyewe ni 14 Julai 1887.

Msimu huo Fowler alikuwa Binghamton, kutoka hapa Utica ni karibu saa mbili kwa gari, timu ya International League. Alikuwa anapiga kwa wastani wa .350. Kwa asiyejua hesabu hizi, ni kama kati ya mara 20 za kupiga 7 zinafanikiwa, na mchezo huu mtu akifikisha 6 kati ya 20 anaitwa hodari. Beisi anaziiba anavyotaka, yaani anakimbilia beisi inayofuata hata mpira haujapigwa. Sasa wachezaji wenzake, siyo wapinzani, WENZAKE wa timu moja, wakapeleka telegramu kwa viongozi kwamba hawachezi tena mpaka wachezaji weusi waondolewe, alikuwepo yeye na mwenzake anaitwa Renfro. Viongozi wakaona isiwe tabu. Mwisho wa Juni Fowler akaachiwa, na akapewa sharti kwamba asisaini na timu nyingine yoyote ya ligi hiyo. Wiki mbili baadaye wenye timu za ligi wakakutana Buffalo wakakubaliana kutoidhinisha mkataba mpya wa mchezaji mweusi. Na siku hiyohiyo, ona mambo, kule Newark timu ya Chicago ya Cap Anson ikakataa kucheza mechi kama mrushaji mweusi George Stovey atapangwa. Stovey hakucheza. Anson naye alikuwa mlinzi wa beisi, beisi ya kwanza, na alishaingizwa kwenye jumba la magwiji tangu mwaka 1939. Sisemi kitu, naweka tu hapo.

Wasomaji watauliza kwani hao weupe waliogoma walikuwa wanaogopa nini. Mi naona jibu liko kwenye miguu. Mchezaji mmoja mzungu anaitwa Ned Williamson alisimulia mwaka 1891 jinsi wachezaji walivyokuwa wanajitupa kwa makusudi miguu mbele kumchoma na vyuma mweusi aliyekuwa analinda beisi ya pili, mpaka jamaa akajitengenezea vipande vya mbao akavifunga kwenye mifupa ya ugoko, na wale nao wakawa wanashindana nani atazipasua zile mbao. Williamson anadai ule mtindo wa kuteleza miguu mbele ulienea kwa sababu hiyo. Wengine wanasema aliyesimuliwa ni Frank Grant wa Buffalo, wengine wanasema Fowler, wote wawili walikuwa weusi wa beisi ya pili na habari za zile mbao zinawahusu wote. Hebu fikiria lakini. Unaamka asubuhi, unafunga mbao miguuni kama fundi anayetengeneza kiti, unaenda kazini. Nikiwa namnyoa mtoto akitikisika kidogo tu nikamchubua nakosa usingizi, na hawa wanalenga mfupa wa mtu.

Baada ya Binghamton hakukaa chini. Terre Haute Indiana, Santa Fe huko New Mexico, Greenville Michigan, miji ya Illinois, Nebraska, na kila alipofika na akakuta timu imevunjika au wamemtema, alifungua kiti chake cha kunyolea akasubiri. Hapo ndo naipenda hii kazi yetu. Kichwa cha mtu hakiulizi ligi gani imekufungia, nywele zinaota tu.

Mwisho wa mwaka 1894 akapata akili nyingine. Kama hawatutaki kwenye timu zao, tuunde yetu na tuifanye biashara. Yeye na kijana mmoja mpigaji hatari, Grant Johnson, waliyekuwa wakimwita Home Run, wakaanzisha timu ya watu weusi watupu mji wa Adrian, Michigan, ikaitwa Page Fence Giants. Page Fence ni kampuni ya waya za uzio iliyowadhamini, yaani kama leo timu inaitwa kwa jina la mtandao wa simu. Walipewa behewa lao la treni la kulala na kula, kwa sababu hoteli nyingi zisingewapokea, na behewa lilikuwa na mpishi wake. Wakifika mji mpya wanapanda baiskeli wote na jezi zao, wanazunguka mitaani kwa mstari, watu wanatoka madukani kuangalia, jioni uwanja umejaa. Mi naona hiyo ni promosheni kuliko magari ya matangazo yote niliyowahi kuyaona Tanga. Msimu wa 1895 walianza kwa kupigwa na Cincinnati, timu ya ligi kuu, lakini baadaye walishinda mechi zaidi ya 100. Sema Fowler mwenyewe hakumaliza nao msimu, katikati akaondoka akajiunga na timu ya ligi ya jimbo la Michigan yenye wachezaji weupe. Nilijiuliza sana kwa nini mtu aache timu yake mwenyewe. Mi nafikiri alikuwa bado anataka kuwathibitishia, alikuwa na miaka 37 na alitaka wamuone kwenye ligi. Hiyo ni fikra yangu, mwenzangu anaweza kuwa na yake.

Mwaka huohuo alisema maneno ambayo bado yananisumbua. Alisema msimu ule haukuwa wa kuishi, alikuwa anaendelea kuwepo tu, na kwamba ngozi yake ndo inayompinga, angekuwa si mweusi kiasi kile labda angejipenyeza akasema yeye ni Mhispania au kitu kama hicho. Wako weusi wengine waliojaribu, wenye rangi ya maji ya kunde, timu inawasajili inadai ni Mhispania au Mhindi Mwekundu. Yeye hakuweza. Alikuwa mweusi wa kuonekana kutoka mbali.

Kingine kimoja halafu nimalize habari za kucheza. Baadaye alianzisha timu nyingine ya kuzunguka, All-American Black Tourists, na mpango wake ukawa wachezaji waingie mjini na suti za sherehe, koti lenye mkia nyuma, kofia ndefu na miavuli ya hariri. Miavuli ya hariri! Mtu ameshachomwa na vyuma, ameshatemwa miji 20 na kitu, bado anawaza wapendeze vipi.

Alikufa tarehe 26 Februari 1913 nyumbani kwa dada yake hapo Frankfort, ugonjwa wa damu, ana miaka 54. Hakuwahi kucheza mechi hata moja ya ligi kuu. Akazikwa makaburi ya Oak View bila hata jiwe la jina, na akakaa hivyo miaka 74 mpaka mwaka 1987 watafiti wa historia ya besiboli walipochanga wakamwekea.

Mi nilikwenda siku ya Jumatatu maana ofisi tunafunga. Theluji ilikuwa inayeyuka, viatu vilinijaa maji, nilizunguka kama nusu saa nasoma majina ya watu nisiowajua mpaka nikaliona. Ni jiwe la kawaida, siyo kubwa, lina jina lake la kuzaliwa na lile alilochezea. Juu yake mtu alikuwa ameacha mpira mmoja wa besiboli, ngozi imelowa imevimba, nyuzi nyekundu zimeanza kuachia. Sikujua desturi yao ni nini, nikatoa kichana kidogo cha mfukoni nikakiweka pembeni ya ule mpira. Najua ni ujinga. Nilisoma Fatiha? Sikusoma, maana sijui dini yake, nilisimama tu.

Na kuhusu Cooperstown: mwaka 2013 waliipa jina lake njia inayoelekea uwanja wa Doubleday, na Desemba 2021 kamati ikampigia kura, akaingizwa rasmi kwenye jumba la magwiji tarehe 24 Julai 2022, siku moja na mchezaji maarufu David Ortiz. Hotuba yake aliisoma Dave Winfield, gwiji mwingine wa besiboli, kwa sababu Fowler mwenyewe ni marehemu wa miaka zaidi ya 100. Frank Grant alishatangulia mwaka 2006. Kwa hiyo wale wawili wa mbao miguuni sasa wako ukuta mmoja na Anson.

Sasa nirudi kwa Robinson, maana sitaki mwandishi wenu aone namvunjia heshima shujaa wake. Kabla ya kuchezea timu ya Brooklyn ya ligi kuu mwaka 1947, Robinson alipelekwa kwanza kujaribiwa ligi ya chini, msimu wa 1946, timu ya Montreal. Mnajua ilikuwa ligi gani? International League. Jina lilelile la ligi iliyokaa Buffalo mwaka 1887 ikafunga mlango. Na mnajua walimpanga wapi? Beisi ya pili. Miaka 59 baadaye, ligi yenye jina lilelile, kituo kilekile, na wakimbiaji wanakuja na vyuma vilevile. Mimi nilipoligundua hilo nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja usiku baada ya kufunga, nikamsomea mke wangu kwa simu, akaniambia njoo nyumbani chakula kinapoa.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo, mkiandika tena semeni Robinson ni wa kwanza ligi kuu karne ya 20, hapo hamjakosea. Na mkipata nafasi mtoeni na Fowler, hata kona ya chini tu. Nikienda tena Frankfort ntapiga picha ya jiwe niwatumie, ila msitegemee makubwa, ni jiwe dogo na kamera ya simu yangu ina ufa.

Wenu msomaji,
Kinyozi wa Ngamiani,
Utica, New York